Mwanasaikolojia mpya, tafuta msimamizi kabla ya cheti kingine

Vijana waliomaliza saikolojia hunijia mara kwa mara kuuliza wasome kozi gani tena. Wana shahada, wana vyeti vya semina za siku mbili tatu, na wengine wameshaanza kuona wateja kwenye mashirika. Nami huwauliza: kesi zako unazungumza na nani? Wengi hunyamaza. Basi tuanzie hapo. Nawaandikia hasa walio Mombasa, Kilifi na Kwale, kwa kuwa huku ndiko nifanyako kazi, ingawa mengi yatamfaa hata aliye Kisumu au Eldoret.

Nitamaliza suala la karatasi upesi, maana halina mjadala. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ndiyo iliyounda Bodi inayosajili watu wa kazi hii Kenya, na kufanya kazi bila kusajiliwa ni kosa. Mwajiri akikuambia "hilo tutalishughulikia baadaye", usikubali. Jina litakaloulizwa siku ya siku ni lako. Ada na fomu zichukue kwa Bodi yenyewe, si kwenye makundi ya WhatsApp. Ukifungua chumba chako mwenyewe, kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: rekodi za afya ni taarifa nyeti, na anayezihifadhi anatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata kama ofisi yake ni meza moja na viti viwili.

Sasa tuje kwa msimamizi, yaani mwenye uzoefu wa kazi hii unayekaa naye mara kwa mara kuzungumzia kesi zako.

Bosi wako si msimamizi wako wa kesi. Bosi anataka kujua umeona wateja wangapi na ripoti ya mfadhili imefikia wapi. Msimamizi anataka kujua kwa nini yule mama ulimwongezea dakika ishirini na yule kijana ukamtoa kabla ya saa kwisha. Mtu mmoja akishika kazi zote mbili, utajikuta unamficha yale hasa unayohitaji kuyasema, kwa sababu huyohuyo ndiye atakayeamua kama mkataba wako utaongezwa. Kwa hiyo kwenye usaili wa kazi uliza wazi: nani atasimamia kesi zangu, mara ngapi kwa mwezi, na gharama yake ni ya nani? Shirika likisema halina pesa za kukulipa vizuri, omba saa za usimamizi ziandikwe ndani ya mkataba. Kwa mtu anayeanza, saa hizo zina thamani kuliko posho ya semina.

Kumpata si kazi ngumu kama vijana wanavyodhani. Anza na waliokusimamia ulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, halafu walimu wako wa chuo, halafu watu wa idara za afya ya akili katika hospitali kama Port Reitz. Chama cha Kenya Counselling and Psychological Association nacho ni mahali pa kukutana na waliokutangulia. Ila ukimwandikia mtu, mwandikie jambo la kujibika. Ujumbe wa "naomba uwe mlezi wangu" unamchanganya mwenye shughuli zake, hajui anaombwa nini. Andika hivi:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni fulani, nimesajiliwa na Bodi, nafanya kazi Kisauni. Naona wateja kama sita kwa wiki, wengi ni vijana wanaojaribu kuacha heroini. Natafuta msimamizi wa kesi, saa moja kila wiki mbili. Naomba kujua kama una nafasi na ada yako ni kiasi gani."

Hapo mtu atajibu ndiyo au hapana, na hata akikataa mara nyingi atakuelekeza kwa mwingine.

Ada ikikushinda, jikusanyeni watatu au wanne mumlipe msimamizi mmoja. Nimeona vikundi vya namna hii vikidumu miaka na nimeona vingine vikifa mwezi wa pili. Vinavyodumu vina masharti. Jina la mteja halitajwi, wala mtaa wake kama mtaa wenyewe ni mdogo. Hakuna kupiga picha daftari na kuituma kwenye kundi. Na kila mmoja analeta kesi kwa zamu, hata yule anayesema hana la kuleta. Huyo ndiye wa kumsubiri.

Saa ya usimamizi huharibika pale unapokwenda mikono mitupu na kuanza kusimulia kesi kama hadithi, kuanzia siku mteja alipozaliwa. Andika ukurasa mmoja. Huu ni mfano niliouunga mwenyewe, si mteja wa mtu yeyote:

Mwanamume, miaka ishirini na kitu, ameletwa na dada yake. Hapati usingizi, hafanyi kazi tangu pikipiki yake ishikwe kwa deni. Nimemwona mara tatu. Mara ya kwanza nilisikiliza, mara ya pili tulipanga shughuli ndogo za asubuhi, mara ya tatu alikuja amechelewa na hakuwa amefanya hata moja. Anapozungumzia deni nahisi usingizi, na nikitoka nahisi hasira kwa dada yake. Swali langu: je, ninamharakisha kwa sababu yeye yuko tayari, au kwa sababu dada yake ananipigia simu kila siku?

Yale maneno ya usingizi na hasira ndiyo yenye faida zaidi katika ukurasa huo, na ndiyo ambayo wageni wa kazi hii huyaacha kwa kuona aibu. Yaandike. Na swali liwe moja. Ukileta matano, mtapapasa yote na hamtafika popote.

Baada ya msimamizi, tengeneza mkoba wako wa vifaa, na usiujaze. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lilichapishwa mwaka 2001 na linatumika bure: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likijibiwa kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Toleo lake la Kiswahili limepimwa na watafiti hapahapa Kilifi, miongoni mwao Profesa Amina Abubakar, kwa hiyo usikeshe ukilitafsiri upya mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa mhGAP, wa kuhudumia matatizo ya akili mahali pasipo na bingwa, na lina pia Problem Management Plus, mpango wa vikao vitano vya kumsaidia mtu aliyelemewa na shida uliotolewa 2016 na kujaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili. Vyote vinapakuliwa bila malipo. Ukitaka majarida ya kisayansi, muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kama wana Hinari, mpango wa Shirika hilohilo wa kufungulia taasisi majarida ya afya. Wengi wanayo na hakuna anayeifungua.

Lakini dodoso halimwoni mtu. Swali la tisa la PHQ-9, lile la kutamani kufa au kujidhuru, ndilo vijana hulisoma haraka wakiwa wameinamia karatasi. Inua macho. Mimi huliuliza kwa maneno haya: "Watu wengine wakichoka namna hii, huwaza heri wasingeamka asubuhi. Wewe yamekujia mawazo kama hayo?" Huku pwani utasikia sana jibu hili: "Astaghfirullah, hiyo ni haramu." Usiandike sifuri. Mtu amekwambia hukumu ya jambo, hajakwambia kama limemjia. Rudi polepole: "Najua ni haramu, na ndiyo maana ni zito kulisema. Lakini wazo lenyewe, limekuja?" Akikubali, uliza amefikiria kwa njia gani, hicho kitu kiko wapi sasa, na nani atalala naye nyumba moja usiku huu. Kisha mpigie msimamizi wako kabla mteja hajatoka mlangoni. Hii ndiyo sababu ya kukubaliana naye mapema kwamba simu ya namna hiyo ataipokea hata nje ya saa zenu.

Familia nyingi bado huficha jambo hili kwa kuogopa polisi. Jua la kuwaambia: Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Nimeona baba wa watu akishusha pumzi kwa kuambiwa hilo tu, ndipo akaanza kusema yaliyotokea.

Kuna mambo ambayo vitabu vya chuo haviyagusi na msimamizi wa hapa atakusaidia nayo. Mteja wa umri wa mama yako atakuita mwanangu na kukuuliza wewe ni wa nani, kwenu wapi. Mwamkie shikamoo kama desturi ilivyo. Adabu haikupunguzii kazi yako. Mjibu kwa ufupi, kisha umrudishe kwake: "Mimi ni wa Kisauni, mama. Na leo tuko hapa kwa ajili yako." Ukikataa kujibu atakuona umejivuna na hatarudi.

Mji huu ni mdogo. Utakutana na mteja Marikiti, kwenye kivuko cha Likoni, kwenye harusi Mji wa Kale. Kwingine wanafundishwa kumpita mteja kimya ili kulinda siri yake, lakini huku kumpita mtu bila salamu ni tusi, na watu watauliza kuna nini kati yenu. Litatueni kikao cha kwanza: "Tukikutana nje, ungependa nikusalimie au nisubiri wewe uanze? Na ukiulizwa mimi ni nani, tuseme nini?" Wateja wengi wana jibu tayari, wanangoja kuulizwa tu.

Uliza pia wameshakwenda wapi kabla ya kuja kwako. Wengi wameshasomewa Kurani, wameshakunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, au wameombewa kanisani usiku kucha. Uliza kwa heshima na usikilize kilichowasaidia, maana mtu akihisi unadharau atakuficha hilo, na pamoja na hilo atakuficha dawa za hospitali alizoziacha. Kama bado anakwenda kwa sheikh au kwa mchungaji, uliza kama anaruhusu mzungumze. Nina masheikh wawili wanaoniletea watu wenyewe siku hizi, na urafiki huo ulianza kwa mimi kwenda kuwaamkia, sio kwa barua ya shirika.

Na wewe je? Tafuta mwanasaikolojia wa kukuhudumia wewe, mbali na msimamizi. Msimamizi anaangalia kazi yako, naye akianza kutibu maisha yako mambo yatachanganyika. Hapa Mombasa wenye taaluma hii tunajuana sote, kwa hiyo wengi wa wenzangu huzungumza na mtu wa Nairobi kwa simu au kompyuta. Usingoje uvunjike. Ukiona kesi ya saa nne asubuhi bado iko nawe wakati wa kuoga usiku, au umeanza kufurahi wateja wakikosa kuja, piga simu wiki hiyohiyo.

La mwisho ni daftari la kupeleka watu mbele. Usingoje siku ya dharura kujua nani anafanya nini. Tenga asubuhi chache utembelee: kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, Kisauni au Malindi, kitengo cha akili Port Reitz, ofisi ya watoto ya kaunti, dawati la jinsia la polisi lililo karibu nawe. Andika siku wanazofanya kazi na mtu anayepokea wageni, na uandike mteja anatakiwa kubeba nini: kitambulisho, barua, nauli. Ongeza namba za bure: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa msaada wa kisaikolojia, 116 ya watoto, 1195 ya ukatili wa kijinsia, 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Zipige wewe mwenyewe kwanza, usikie zinaita vipi na swali la kwanza ni lipi, ndipo uweze kumwambia mteja atakachokutana nacho. Na unapomtuma mtu mahali, mwombe ruhusa ya kupiga simu siku ya tatu kuuliza kama alifika. Wengi hawafiki mara ya kwanza, na sababu mara nyingi ni nauli au mlango wa kuingilia, vitu ambavyo mkiwa pamoja mnaweza kuvitatua.