Jinsi ya kuiga picha moja ya Seydou Keïta kwa simu yako

Kila darasa jipya likianza, hakosi mwanafunzi wa kuniletea picha aliyoigeuza nyeusi na nyeupe kwa programu ya simu. "Mwalimu, hii nimemwiga Keïta." Naitazama. Jua la saa saba limempiga mtu utosini, macho yamezama kivulini, nyuma kuna ndoo na mlango wa choo. Alichoiga ni kutokuwa na rangi tu, jambo ambalo Keïta mwenyewe, yule mpiga picha wa Mali, hakulihangaikia, maana ndiyo filamu aliyokuwa akiitumia.

Hapa tutaiga kwa njia nyingine. Unachukua picha moja, unaifungua kama fundi anavyofungua redio, kisha unaiunda upya uani kwenu. Utahitaji simu yenye kamera, kitambaa chenye maua, kiti, na mtu mwenye subira.

Namchagua Seydou Keïta kwa sababu vifaa vyake vinafanana na vyetu. Alikuwa seremala wa Bamako, Mali, enzi za Wafaransa. Mwaka 1935 mzee mmoja wa familia yao alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Mwaka 1948 akafungua studio mtaa wa Bamako-Coura, jirani na gereza kuu. Hakusomea upigaji picha shuleni. Na picha zake nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana.

Hatua ya 1: Chagua picha moja, ukae nayo siku mbili

Moja. Usihifadhi kumi. Anza na ya mtu mmoja inayoonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa mfano ile ya 1959 ya kijana mwenye miwani na suti nyeupe, ameshika ua. Zile za wanawake waliojilaza mbele ya pazia la michoro ni nzuri mno, lakini ziache kwanza. Kumlaza mtu akapendeza ni kazi ya mwezi mzima.

Itazame kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu ukiweza. Kisha ichore kwa penseli, hata kama huwezi kuchora. Mkono ukichora bega, jicho linagundua kuwa bega moja liko juu ya lingine.

Hatua ya 2: Soma mwanga

Anza na macho: kuna kitone cheupe ndani ya mboni? Kiko upande gani? Huko ndiko mwanga ulikotokea. Nenda kwenye kivuli cha pua na cha chini ya kidevu. Ukingo wake ukiwa mkali kama uliokatwa kwa mkasi, hilo ni jua lenyewe. Ukififia polepole, mtu alikuwa kivulini akitazama mahali peupe, kama anga. Andika majibu kwenye daftari.

Hatua ya 3: Tafuta mahali

Huku kwetu jua la mchana linasimama kichwani, kwa hiyo fanya kazi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi alasiri. Tafuta ukuta ambao jua limeupa mgongo. Mtu akae karibu na ukuta huo, uso ukielekea uwazi wa ua na anga.

Angalia pia rangi za jirani. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilitandika turubai la bluu juu ya ua ili kupata kivuli, nikajiona mjanja. Nyuso zote zikatoka za bluu, kama watu wa baridi kali. Nikasema basi, tuzigeuze nyeusi na nyeupe. Midomo ikawa myeusi tii na ngozi ikapoteza uhai. Tukarudia zoezi zima Jumamosi iliyofuata chini ya shuka jeupe.

Hatua ya 4: Kitambaa cha nyuma

Pazia la kwanza la Keïta lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Baadaye akawa anabadilisha kila baada ya miaka michache, na mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia uzeeni kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani.

Wengi wenu mtakimbilia kanga. Sawa, ila kanga ina jina. Ukiacha maandishi yaonekane, mtazamaji atasoma kwanza alichoambiwa jirani ndipo aje kwenye uso. Kunja sehemu ya maneno, au tumia kitenge.

Hapa ndipo penye siri kubwa, na ndipo ninapotumia muda mwingi darasani. Kwenye picha za Keïta utakuta gauni la maua mbele ya pazia la maua, na bado mtu hapotei. Kinachomtenga ni ukubwa wa michoro: vitone vidogo juu ya mawimbi makubwa, au mistari juu ya maua. Michoro ya nguo na ya pazia ikilingana, mabega yanamezwa. Kujaribu ni rahisi: simama mbali, fumba macho nusu. Ukiona umbo la mtu, endelea. Usipoliona, badilisha kitambaa.

Kitambaa kikae nusu mita au mita moja nyuma ya mtu, kipigwe pasi, kivutwe pembe zote. Na zima ile hali ya simu inayofifisha nyuma. Tumehangaika na pazia ili lionekane.

Hatua ya 5: Simu

Keïta alipiga kwa kamera kubwa iliyosimama juu ya miguu mitatu, filamu ya sentimita 13 kwa 18. Kwa hiyo simu yako nayo isimame: stendi, au ngazi na vitabu. Kimo chake kiwe kati ya kifua na macho ya mtu aliyekaa. Usisogee karibu, lenzi ya simu inavimbisha pua. Rudi nyuma mita mbili na nusu, halafu vuta mara mbili kama simu yako ina lenzi hiyo.

Gusa uso kwenye kioo. Simu hupima mwanga wa picha nzima ikijaribu kuusawazisha: suti nyeupe itaifanya iutie uso giza, pazia jeusi litaifanya iupaushe. Rekebisha kwa kidole mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho.

Hatua ya 6: Mwili, mikono, na kitu cha kushika

Geuza mabega upande kidogo, uso urudi kwenye kamera. Mikono usiiache ining'inie, ipe mahali. Studio ya Keïta ilikuwa na saa, kalamu, redio, suti za kuazima, hata gari lake Peugeot lilitumika. Mteja alichagua namna anavyotaka kuonekana.

Muulize mtu wako hivyo hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja alimleta shangazi yake mshonaji, akataka kumshikisha ua. Shangazi akakataa, akaenda kuchukua futi yake akaivaa shingoni. Picha ikasimama papo hapo. Wala usimwambie mtu "cheka". Mpigishe soga, subiri anyamaze.

Hatua ya 7: Piga mara moja

Filamu ilikuwa ghali, na kwa kawaida Keïta alimpiga mteja picha moja. Nawe piga moja, kisha mpe mwenzako simu aifunge mfukoni. Wanafunzi hunung'unika sana hapa. Wanung'unike. Wakijua hakuna ya pili, ndipo wanapoiona kola iliyokunjika kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 8: Linganisha

Sasa, na si kabla, igeuze nyeusi na nyeupe. Iweke kando ya ya Keïta. Andika tofauti tatu, na kila moja iandikie chanzo chake. "Yangu haina nguvu" si tofauti. "Kivuli cha pua kimeanguka mdomoni kwa sababu alikaa ndani mno ya kibaraza" ndiyo tofauti. Jumamosi ijayo rudia picha ile ile ukirekebisha jambo moja tu.

Ukishairudia mara tatu, hamia kwa Malick Sidibé, wa Bamako pia, aliyepiga vijana wakicheza muziki usiku kwa taa ya kamera. Kwake utajifunza kinyume cha haya yote. Na usipite bila kufungua albamu za nyumbani: picha za bibi zetu kutoka studio kama Capital Art ya Ranchhod Oza, Zanzibar, zina mafunzo yale yale ya pazia na mikono.

Ukiirusha mtandaoni, andika kuwa ni zoezi la kumwiga Keïta, na uombe ruhusa ya aliyepigwa.

Hatua ya 9: Ichapishe

Picha nyingi za Keïta hazikukuzwa. Negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, ililazwa juu ya karatasi, ikatoka kwa kipimo chake. Maduka yetu ya picha yana saizi ya inchi 5 kwa 7, ambayo ni karibu kabisa na ile ya sentimita 13 kwa 18. Chapisha nakala mbili. Moja ibandike kwenye daftari. Nyingine mpelekee aliyekaa kitini, kisha baada ya wiki mbili pita kwake kumsalimia, uone kama ameitundika sebuleni au ameifungia kabatini.