Somo: Vipokezi vya seli za kinga vinavyochochea na kupoza inflamesheni katika kifua kikuu

Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amempata bakteria anayesababisha kifua kikuu. Lakini kumjua mhusika hakutoshi kueleza mapafu yanavyotoboka. Bakteria huyu hatoi sumu kali inayosambaa mwilini kama yule wa pepopunda. Sehemu kubwa ya uharibifu hutokana na inflamesheni, yaani uvimbe na joto ambavyo kinga yetu yenyewe huviwasha. Kwa hiyo usimfuate bakteria peke yake. Fuata vipokezi, zile protini za seli zinazopokea ishara na kuamua nguvu ya jibu.

Hatua ya 1: Anzia kwenye kifuko cha hewa. Bakteria huingia kwa pumzi, hufika ndani kabisa ya pafu na kumezwa na makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Makrofeji ndiyo askari wa kwanza, na ndiyo pia nyumba ambayo bakteria hupenda kuishi.

Hatua ya 2: Jiulize nani amemtambua. Kipokezi TLR2, kwenye utando wa seli, hushika lipoprotini (protini zenye mafuta) za bakteria. TLR9, iliyo ndani ya vifuko vya seli, hutambua DNA yake. NOD2 husubiri vipande vya ukuta wake ndani ya seli, na Mincle hushika mafuta ya ukuta huo. TLR2 na TLR9 hupitisha ishara kupitia protini MyD88 hadi protini NF-κB, ambayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za TNF, IL-1 na IL-12, ambazo ni saitokini, yaani protini zinazopeleka ujumbe kati ya seli. Mincle hupitia protini CARD9. Ukizishika njia hizi mbili, majina mengine hayatakusumbua sana.

Hatua ya 3: Ifuate saitokini hadi kwenye kipokezi chake. Wengi huishia pale TNF inapotolewa, ilhali TNF haina kazi mpaka ishike kipokezi TNFR1. Hapo makrofeji hupata nguvu ya kuua, na granuloma, yaani kikundi cha seli kinachomzingira bakteria, hubaki imara. TNF ikipungua, bakteria huzaliana. Ikizidi, makrofeji zilizoambukizwa hupasuka na kumwachia bakteria nje, anakostawi. Interferoni-gama, saitokini nyingine, nayo hutoka kwenye seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) na kushika kipokezi chake kwenye makrofeji. Watoto waliozaliwa na kipokezi hicho kikiwa kibovu wanaweza kuugua vibaya hata kwa bakteria dhaifu wa chanjo ya BCG.

Hatua ya 4: Tafuta breki. Hapa naomba tusiharakishe, maana ndipo penye kiini cha somo. Seli T hubeba kipokezi PD-1 kinachozipunguzia kasi. Ungetarajia kwamba panya asiye na PD-1 angemshinda bakteria kwa urahisi. Kinyume chake, hufa mapema kuliko panya wa kawaida: seli T zake humwaga interferoni-gama kwa wingi, mapafu huoza, na bakteria huongezeka. Breki nyingine ni kipokezi cha IL-10, saitokini ya kupoza; kipokezi hicho hutuliza makrofeji kupitia protini STAT3. Bakteria naye anaijua njia hiyo: sukari za ukuta wake hushika kipokezi DC-SIGN kwenye seli za dendraiti (seli za kinga zinazoamsha seli T) na kuzichochea zitoe IL-10 zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini mgonjwa wa baridi yabisi hupimwa TB kabla ya kuanza dawa za kuzuia TNF?*
Kwa sababu anaweza kuwa na bakteria waliolala ndani ya granuloma bila dalili yoyote. TNF ikizuiwa, ulinzi wa granuloma hulegea na ugonjwa huweza kuamka. Hatari hiyo ilianza kuripotiwa waziwazi mwaka 2001 kwa watumiaji wa infliximab, mojawapo ya dawa hizo.

*Basi mbona wenye TB ya utando wa ubongo hupewa deksamethasoni, nayo inapunguza kinga?*
Swali zuri sana. Fuvu halitanuki, hivyo uvimbe wenyewe unaweza kuua. Utafiti uliofanyika Vietnam na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo. Zingatia kwamba hutolewa pamoja na dawa za TB, si badala yake.

*Ndugu yangu ana VVU na TB. Alianza ARV, homa na tezi zikazidi. Dawa zimeshindwa?*
Pole sana. Si lazima iwe hivyo. Seli T zilizopunguzwa na VVU zinaporudi, hukuta mabaki ya bakteria na kuwasha inflamesheni kwa nguvu. Hata hivyo usugu wa dawa nao huweza kuleta dalili kama hizo, kwa hiyo arudi kliniki haraka, na asiache dawa kwa uamuzi wake.

*Tukiziba TLR2 tu, si tutazuia mapafu yasiharibike?*
Kipokezi kimoja hakibebi mzigo wote. Panya wasio na TLR2 huweza kudhibiti maambukizi ya bakteria wachache, ila wakipewa wengi hushindwa. Ukiwaondolea MyD88, hulemewa hata na wachache. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kuziba kipokezi, angalia kwanza njia ngapi zinapita hapo.