Kabla hujakatwa bawasiri: mambo ya kutayarisha mapema

Watu wakishapangiwa siku ya kukatwa bawasiri hujitayarishia siku hiyo tu: kanga au kikoi cha kulalia, chupa ya uji, na mtu wa kukaa naye hospitali. Siku hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Umepigwa ganzi, daktari yupo, manesi wapo. Shughuli yenyewe iko nyumbani, kuanzia choo cha kwanza hadi mwisho wa wiki ya pili. Karibu kila utakachokihitaji wakati huo unaweza kukiweka tayari leo ukiwa bado unatembea vizuri. Kukitafuta ukiwa umelala ubavu ni taabu.

La kwanza ni kuhakikisha kuwa ni bawasiri kweli. Kwetu damu ikionekana chooni jina hilo hutolewa hapohapo na jirani, na mtu hukaa nalo miaka. Kama umevuka miaka 40 na kitu, au unakonda bila sababu, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au damu imechanganyika na kinyesi chenyewe badala ya kudondoka juu yake, mwambie daktari waziwazi na uulize kama unahitaji kipimo cha kamera cha utumbo. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Halafu uliza utafanyiwa nini hasa, maana matibabu hayafanani na kupona kwake hakufanani. Wapo wanaofungwa mpira: bawasiri ya ndani hubanwa shinani kwa kipira kidogo, damu haifiki tena, nyama inakufa na kudondoka yenyewe, mara nyingi ndani ya siku tatu hadi kumi. Hulazwi, lakini usende peke yako, kwani wengine hushikwa na kizunguzungu baada tu ya kufungwa. Siku moja mbili utajihisi kama una haja kubwa isiyotoka. Haja hiyo haipo, ni mpira, usiende kukamua.

Wanaokatwa kwa kisu wana safari ndefu zaidi. Njia moja inayotumika sana duniani ni ile iliyoelezwa na Milligan na Morgan wa London mwaka 1937, ambayo vidonda huachwa wazi vijae vyenyewe. Kwa hiyo ukijikagua ukaona hakuna nyuzi juu ya kidonda, usidhani umesahauliwa. Wiki ya kwanza ndiyo yenye maumivu makali, na kupona sawasawa huchukua wiki nne hadi sita, wengine zaidi. Ukijua hivyo utapanga kazi zako. Mwenye kuchuma karafuu asikubali kupandishwa mkarafuu wiki ya pili kwa sababu msimu umefika. Mama wa mwani asirudi kuinama baharini na kubeba magunia ya majani yaliyorowa mpaka daktari aseme kidonda kimefunga.

Mtajie daktari dawa zote unazokunywa. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, clopidogrel na hata ile aspirini ndogo ya moyo, huongeza kutoka damu. Lakini usiache mwenyewe, maana kuna watu wanaozihitaji zaidi kuliko wanavyomhitaji fundi wa bawasiri. Taja pia sukari, pumu, vidonda vya tumbo na figo. Kama umekuwa ukitoka damu kwa muda mrefu, uliza kiwango cha damu yako mapema ili kisigunduliwe kuwa kidogo asubuhi ya operesheni.

Sasa choo, na hapa ndipo ningemtaka mtu atumie nguvu zake zote. Choo kigumu juu ya kidonda kibichi ndicho kinachowafanya watu wazima walie. Wanaogopa, wanazuia, kinyesi kinakauka zaidi, kesho yake kinatoka kwa maumivu mara mbili. Lainisha kabla hujaenda hospitali. Wiki nzima kabla ya operesheni anza kula papai, machungwa, mchicha, matembele, kunde, choroko, na mkate wa mofa badala ya boflo nyeupe. Kunywa maji ya kutosha mpaka mkojo uwe mweupe. Madafu yanasaidia lakini hayachukui nafasi ya maji. Mwombe daktari akuandikie dawa ya kulainisha choo, laktulosi au unga wa maganda ya isabgol, uwe nayo ndani ya nyumba kabisa. Isabgol bila maji mengi inafunga badala ya kufungua, kwa hiyo bilauri nzima kila mara.

Sanamaki naijua na bibi zetu wanaiamini, na ni kweli inafungua. Tatizo lake ni kipimo. Majani yakichemshwa kwa kukisia, unaharisha mara sita kwa usiku mmoja, na kuharisha kunakiunguza kidonda kama vile choo kigumu kinavyokichana. Wiki hizi mbili iacheni kabatini. Urojo wa pilipili nao usubiri.

Dawa za maumivu zinunuliwe kabla. Paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima. Soma boksi, kwani vidonge vingi vya mchanganyiko vya maduka ya dawa vina paracetamol ndani yake pamoja na diklofenaki, na mtu huongeza juu yake bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni haziwafai wenye vidonda vya tumbo na figo mbovu. Ukipewa tramadol au kodeini, jua kwamba zinafunga choo, kwa hiyo zisinywewe bila ya dawa ya kulainisha. Siku za mwanzo meza kwa saa, usingoje maumivu yapande, na moja uipange nusu saa kabla ya muda unaozoea kwenda haja.

Kagua na choo chenyewe. Desturi yetu ya kutawadha kwa maji ni bora kuliko karatasi, na kidonda kinaipenda. Ila choo cha kuchuchumaa kinataka magoti na mahali pa kujishika, na mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongo hana uhakika wa miguu siku ile. Weka kiti imara karibu na mlango au mtu wa kukushika mkono. Usikae humo na simu. Ikishindikana dakika tano, inuka, utarudi.

Nunua beseni pana linaloingia makalio, na liwe la kazi hiyo tu. Maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya kumkogesha mtoto mchanga, ukae dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili tatu kwa siku na kila baada ya haja. Chumvi si lazima. Dettol usitie. Na wale wanaotaka kukukanda kwa maji ya moto kama mzazi wa arobaini, wazuie kwa upole: ngozi yenye ganzi haisikii inapoungua. Ukitoka jikaushe kwa kubonyeza kitambaa laini cha kanga kuukuu, bila kusugua, kisha weka pedi. Ndiyo, wanaume pia, majimaji yatatoka siku kadhaa. Mtumeni mtu akazinunue kama mnaona haya.

Swala isikutie wasiwasi. Sahaba Imran bin Huswayn alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.), akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Suala la udhu na majimaji yanayotoka mfuate sheikh wako kabla ya operesheni, upate jibu ukiwa umetulia. Kama huna dharura, usipange siku yako ukingoni mwa Ramadhani. Mwezi wa kukaa mchana kutwa bila maji si mwezi wa kulainisha choo.

Yapo matatizo ambayo watu wa nyumbani wanapaswa kuyajua kwa sababu wewe huenda ukayaficha. Mkojo kukataa ni jambo la kawaida usiku wa kwanza, hasa baada ya sindano ya mgongo. Usikubali kutoka hospitali kabla hujakojoa. Ukiwa nyumbani na saa sita hadi nane zimepita na kibofu kimejaa, rudi uwekewe mpira wa kutolea mkojo. Hiyo si aibu. Kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala kinatokana na sindano ya mgongo. Kunywa maji, na kikizidi siku moja mbili watafute waliokuchoma.

Damu kidogo kwenye pedi au juu ya choo itakuwepo. Inayotisha ni ile inayokuja nyuma, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, wakati kigaga cha ndani kinapobanduka, na mgonjwa keshajiona mzima. Mabonge ya damu, pedi kulowa ndani ya saa moja, au kizunguzungu ukisimama: lala, usinywe aspirini, uondoke kwenda hospitali wakati huohuo. Hesabu hii ni muhimu sana kwa wa visiwani. Mtu wa Pemba aliyekatwa Unguja hupenda kupanda boti mara tu anapoweza kukaa, na wa visiwa vidogo vya Kojani, Makoongwe au Tumbatu hurudi kwao mahali ambapo usiku maji yakikupwa chombo hakitoki. Naona bora ukae kwa jamaa karibu na hospitali mpaka wiki mbili ziishe, iwe Mkoani, Pemba, jirani na hospitali ya Abdalla Mzee au mjini Unguja jirani na hospitali ya Mnazi Mmoja. Mwenye nyumba aulizwe sasa. Na awepo dereva mmoja wa gari, si wa bodaboda, aliyekubali kupigiwa saa nane za usiku.

Homa pamoja na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, na mkojo kutoka kwa shida juu yake, ni dharura, hata kama ulifungwa mpira tu. Hutokea kwa nadra, lakini huua, na haingoji asubuhi.

Wakija wenye dawa ya kupaka, ya unga au ya mafuta ya habasoda, wapokee kwa heshima na usiipake. Kidonda kibichi cha mahali pale kikiungua hupona kwa kovu, na kovu hubana njia. Dalili ya njia kubana ni choo chembamba kama penseli wiki kadhaa baadaye; kitajwe mapema, kwani mwanzoni hutanuliwa kwa urahisi. Kutokwa na upepo bila kuweza kuuzuia nako hutokea kwa baadhi ya watu, mara nyingi hupungua kadiri wiki zinavyokwenda.

Kabla hujatoka wodini, omba uandikiwe kwenye cheti ulichofanyiwa, namba ya simu ya kuulizia, na tarehe ya kurudi. Kama nyama iliyokatwa imepelekwa maabara, andika na hilo, uulize majibu siku ya kurudi.