Namna Ninavyopima Haidrojeni Nzito Ndani ya Polistireni

Ninapima kwa spektromita ya masi, mashine inayopiga sampuli kwa leza na kupima uzito wa molekuli zake. Andaa sampuli mbili, siyo moja: polistireni ya kawaida (plastiki ya minyororo ya vipande vya stireni), na ile iliyotengenezwa kwa stireni yenye diteriamu 8, yaani haidrojeni nzito. Nilipoanza kazi ya maabara niliiacha ile ya kawaida, nikakosa cha kulinganishia, wiki nzima ikapotea.

Yeyusha ditranoli (kemikali inayofyonza nishati ya leza) miligramu 20, polima, yaani polistireni yenyewe, miligramu 5 na chumvi ya madini ya fedha miligramu 1, kila kimoja peke yake katika mililita 1 ya kiyeyusho cha tetrahidrofurani. Changanya kwa uwiano wa 10:1:1, dondosha mikrolita 1 kwenye bamba, acha likauke. Chumvi ifunike, mwanga huiharibu. Polistireni haishiki protoni kwa urahisi. Leza ikipiga, ayoni ya fedha ndiyo huipa chaji.

Sasa soma vilele kwenye spektra, mchoro wa uzito wa molekuli. Kutoka kundi moja la vilele hadi jingine ni vizio 104 vya uzito wa atomi kwa polima ya kawaida, 112 kwa yenye diteriamu. Wengi huishia hapo, lakini utamu uko ndani ya kila kundi la vilele. Mnyororo wa vipande 20 vya stireni una nafasi 160 za diteriamu. Usafi wa diteriamu ukiwa asilimia 98, nafasi kama 3 zitashikwa na haidrojeni nyepesi, na kundi zima litashuka kwa takriban 3.

Fedha nayo ina isotopu mbili, yaani atomi za aina moja zenye uzito tofauti, 107 na 109, karibu nusu kwa nusu, hivyo kundi hupanuka. Usichague kilele kirefu tu! Chukua wastani wa kundi lote, toa wastani wa polima ya kawaida yenye vipande vilevile 20, gawanya kwa 1.006. Jibu ni idadi ya diteriamu kwenye mnyororo.