Kabla hujachora ghorofa karibu na uwanja wa ndege: jinsi ya kupata urefu unaoruhusiwa

Anayenunua kiwanja karibu na uwanja wa ndege wa mjini hukagua hati, udongo, maji na barabara. Kikomo cha urefu hukumbukwa ramani ikiwa imeshachorwa ghorofa nane, na hapo kila ghorofa inayokatwa huvuruga hesabu ya mradi mzima. Anza na kikomo hicho.

Kinachozuiwa si idadi ya ghorofa. Ni mwinuko wa ncha ya juu kabisa kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana kati ya majengo mawili yenye urefu uleule, la bondeni hupita na la kilimani hukataliwa.

Nchi nyingi hufuata vipimo vya Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Vipimo hivyo huchora "dari" za kufikirika angani, ambazo jengo halipaswi kuzipenya. Kwa njia kubwa ya kurukia yenye mitambo ya kutua kwa usahihi, dari ya kutua huanza mita 60 kabla ya kizingiti cha njia, yaani mwanzo wa sehemu ya kutulia, na hupanda asilimia 2 kwa mita 3,000 za mwanzo, huku ikipanuka asilimia 15 kila upande. Ubavuni, kuanzia mita 140 kutoka mstari wa katikati, dari hupanda mita 1 kwa kila mita 7 mpaka ikutane na dari bapa ya mita 45 juu ya mwinuko wa uwanja. Dari hiyo bapa huenea hadi kilomita 4, kisha hupanda tena asilimia 5. Kiwanja kikiwa chini ya dari mbili, ya chini zaidi ndiyo inayotawala. Njia ndogo zina vipimo vyake, na nchi inaweza kukaza zaidi.

Mwinuko wa kizingiti na viwianishi vyake (namba za mahali kilipo kwenye ramani) vimo katika chapisho la taarifa za anga la nchi, AIP. Mwinuko wa kiwanja chako apime mpimaji ardhi, kutoka alama rasmi ya mwinuko. Kosa kubwa hutokea hapa: GPS kwa asili yake hupima kutoka umbo la kihesabu la dunia, WGS-84, na tofauti yake na usawa wa bahari inaweza kufika makumi ya mita. Kosa la mita 20 ni ghorofa sita.

Chukua kiwanja kilicho mita 1,500 kutoka kizingitini, mita 80 pembeni mwa mstari wa katikati ulioendelezwa nje ya njia. Ondoa 60, zidisha 1,440 kwa 0.02: dari iko mita 28.8 juu ya kizingiti. Ardhi ikiwa juu ya kizingiti kwa mita 9, zimebaki 19.8. Toa mita 4 za chumba cha lifti na matangi, 1.5 za kinga ya radi na 0.5 za msingi kuinuka: 13.8. Kwa mita 3.3 kila sakafu, unapata sakafu nne ukihesabu ya chini. Ukihamishia matangi chini ya ardhi, ukaweka lifti isiyo na chumba cha mashine juu na slebu bapa zisizo na boriti nene, sakafu ya tano inaweza kupatikana. Kazi hiyo ifanyike kwenye meza ya msanifu, si baada ya kumwaga zege.

Kreni ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo lazima ipite juu ya jengo. Ya mkono unaoinuka hujipenyeza vizuri kati ya majengo, lakini mkono wa mita 50 ukisimamishwa unaongeza karibu mita 50 hewani. Karibu na ndege, kreni yenye kichwa bapa, ambayo mkono wake hubaki mlalo, inafaa zaidi. Jengo lenyewe likikaribia dari kiasi cha kutoacha nafasi ya kreni, omba kibali cha kreni inayobebwa na gari kwa saa ambazo njia ya kurukia imefungwa, mkono ulale kazi inapoisha.

Ombi kwa mamlaka ya usafiri wa anga liwe na viwianishi vya kila pembe ya jengo, mwinuko wa ardhi, mwinuko wa ncha, urefu wa kreni na tarehe zake. Marekani hutaka taarifa angalau siku 45 kabla ya ujenzi. Usitegemee jengo refu la jirani kama kibali chako. Kivuli chake, yaani eneo ambalo jengo hilo tayari linalikinga na hivyo jengo jingine linaweza kuruhusiwa, hupimwa na mamlaka, si na mwenye mradi. Urefu ukikubaliwa, bado mabati na vioo vinaweza kukataliwa kwa kurudisha mawimbi ya mitambo ya kutua au kumulika marubani. Taa nyekundu zikiagizwa, ziwekewe umeme wa akiba.

Paa likikamilika, mpimaji apime ncha tena na takwimu zipelekwe kwa mamlaka. Mnara wa simu utakaowekwa juu ya paa baadaye unahitaji kibali chake.