Baga haisubiri: jinsi ya kula kwenye hizi baga za kishua zenye bia

Wengi wetu tukienda hizi sehemu za baga na bia, Mikocheni, Masaki, Mbezi Beach huko, tunaingia na akili ya nyama choma. Yaani unakaa, bia ya kwanza, ya pili, stori zinaenda, nyama ikija baada ya saa nzima poa tu, inakatwa inawekwa kati na ndizi kila mtu anachokoa taratibu mpaka usiku. Baga haiko hivyo. Ikitoka jikoni una kama dakika kumi tu, baada ya hapo mkate umelowa, chizi imeganda na chipsi zimelala. Mi mara ya kwanza nilianza na picha, mara simu ikaingia, kurudi mezani mkate wa chini umekuwa uji, na 25,000 nimelipa vilevile.

Kwa hiyo chakula agiza pamoja na bia ya kwanza. Kama kuna mwenzenu kasema "niko Mwenge hapa nakuja" (maana yake bado anaoga) usimwagizie, ataagiza mwenyewe akifika.

Kwenye menyu anza na ile ya kawaida kabisa, nyama, chizi, kitunguu, basi. Ukikimbilia ya ghorofa tatu yenye yai, parachichi na sosi nne hutajua kama jiko linajua kuchoma nyama au linaficha. Uliza pia kama nyama ni ile nyembamba inayogandamizwa kwenye bamba la moto, hiyo inafanya ukoko wa kahawia ndo utamu wake, au ni nene ya gramu 150 mpaka 200. Ya nene wanaweza kukuuliza iive kiasi gani na hapo usijifanye mtu wa steki. Steki vijidudu vinakaa juu, moto unavimaliza, ila nyama ikishasagwa vya juu vimeingia mpaka katikati, ndo maana inatakiwa ifike nyuzi 71 ndani. Sema tu iive vizuri. Ikija kavu kama gome hilo ni la mpishi, au nyama haikuwa na mafuta ya kutosha, siyo kosa lako. Na bekoni kwa kawaida ni kitimoto jamani, kama mko na ndugu Muislamu ulizeni mapema kama inachomwa bamba moja na nyama zingine.

Bia sasa. Dada atauliza ya baridi au ya moto, mi najua kuna wazee wa ya moto na siwezi kugombana nao, lakini kwa baga chukua ya baridi, yale mafuta na chumvi yanahitaji kitu chepesi chenye gesi kisafishe mdomo. Kilimanjaro ya 4.5% inatosha kabisa, Safari ya 5.5% naichukua kama sosi ni nzito au nyama ina moshi. Baga ya pilipili usiipe zile bia chungu za hopsi nyingi (yale maua yanayoipa bia uchungu), mdomo utawaka mara mbili. Bia nyeusi inaelewana sana na nyama iliyoungua kidogo ila inashibisha, utashindwa kumaliza. Wakiwa na bia ya bomba usiyoijua omba kuonja kidogo kwanza, mara nyingi hawana shida.

Kula kwa mikono, vidole gumba chini, na ukishaishika usiiweke tena, ukiiweka inafumuka. Mnaotaka kuonjana kateni kabla ya mtu kung'ata, siyo aibu.

Kwenye bili, soma maandishi madogo chini ya menyu kama bei ina VAT ndani, 18% siyo mchezo meza ya watu sita. Vizibo vyenu wekeni pembeni mhesabu wenyewe, na kama kila mtu anajilipia mwambieni mhudumu kabla ya kuagiza, siyo mwisho anapokuja na karatasi moja ndefu. Risiti ya EFD dai.

Ukitaka kumbebea mtu nyumbani mbebee mabawa ya kuku. Akililia baga, omba sosi na saladi wafunge pembeni, na boksi liache wazi kidogo ukiwa kwenye Bolt, mvuke ndo unaoua mkate.