Namna ya Kumwekea Mbwa Mipaka Ndani ya Nyumba

Kabla ya kumfundisha mbwa lolote, wote wanaoishi nyumbani humo wakae wakubaliane ni wapi haruhusiwi kufika na ni neno gani litakalotumika kumwambia. Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoharibu mafunzo: mama anamteremsha kwenye kochi, mtoto anamwita apande, na mbwa anaishia kujifunza kuangalia ni nani aliyepo sebuleni. Chagueni mipaka mitatu au minne tu, ambayo mna hakika mtaisimamia kila siku, hata siku ya wageni na hata mkiwa mmechoka.

Mimi huanza na jikoni, kwa kuwa huko hatari ni nyingi kuliko kwingineko: mafuta ya moto, visu, chokoleti, zabibu na vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa, pamoja na mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka ikawa na ncha kali. Simama mlangoni ukiwa na vipande vidogo vya nyama. Mbwa akitaka kupita, jongea kimya uzibe njia, bila kumgusa, mpaka arudi nyuma. Mara tu miguu yake yote minne inapokuwa nje ya kizingiti, mpe kipande, ndani ya sekunde moja au mbili, maana ukichelewa atadhani anatuzwa kwa jambo jingine alilolifanya baadaye. Kitupe nyuma yake, upande wa nje, ili azoee kwamba kitamu hupatikana huko. Kisha rudi nyuma hatua moja, urejee, umtuze. Halafu hatua mbili. Halafu gusa sufuria, fungua kabati, dondosha kijiko. Ukucha ukivuka kizingiti, usimkemee. Rudi kwenye hatua iliyokuwa rahisi kwake. Dakika tano zinatosha kwa zamu moja, mara mbili au tatu kwa siku, na wakati usipoweza kumsimamia weka kizuizi mlangoni, kwa sababu kila anapoingia bila kuonekana akaokota kitu, mafunzo yanarudi nyuma.

Anayekatazwa mahali apewe mahali pake. Tandika mkeka au godoro dogo pale anapoweza kuwaona watu, na umtuze kila anapolala hapo kwa hiari yake.

Kuombaomba mezani kunahitaji moyo mgumu zaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwamba tabia inayotuzwa mara mojamoja hudumu kuliko inayotuzwa kila mara, na ndiyo maana tonge moja la huruma kwa wiki hulea ombaomba asiyechoka. Mtakapoacha kumpa kabisa, tazamieni kwamba kwa siku kadhaa atazidi kulia na kukugusa goti kwa mguu wake. Hapo ndipo wengi husalimu amri, na wakitoa tonge wakati huo wanamfundisha kwamba kulia zaidi ndiko kunakofaulu.

Kwa mbwa anayewarukia wageni, usimsukume kwa mikono, kwani kwake huo ni mchezo. Mgeni ageuke ampe mgongo, amsalimie atakapotulia. Na usimwadhibu kwa kosa ulilolikuta limekwisha kufanyika, kwa sababu hataliunganisha na adhabu, ila atajifunza kukuogopa unapofungua mlango.

Akinguruma unapomwambia ashuke kitandani, usimpige wala usimburute. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyezoezwa kunyamaza kwa kipigo anaweza kuuma siku moja bila kuonya. Mvute kwa chakula ashuke mwenyewe, funga mlango wa chumba kwa muda, na umpeleke kwa daktari wa mifugo, hasa kama hali hiyo imeanza ghafla, kwa kuwa maumivu ya viungo au ya sikio humfanya hata mbwa mpole asitake kuguswa.